Chupa ya Bruda Delfino

Mwaka wa barabara kuu, lami ikichemka kuelekea Makambako,
Bruda Delfino alishuka Mafinga na sanduku moja
na vipande kumi na viwili vya mzabibu
amevifunga kwa soksi mbichi kama mtoto mwenye homa.
Akamwajiri baba yangu, Vitalis Kikoti,
mgema wa ulanzi, kwa sababu ya kisu chake.

"Kata hapa. Jicho la tatu."
Baba anakata. Bruda anakibusu kisu.

Kwao, alisema, vilima vimepangana hivihivi,
vimevaa mizabibu badala ya chai;
kila kilima kina jina, kila jina lina ugomvi:
mvinyo wa huyu laini, wa yule mgumu kama mahari.
Huvuna mwisho wa wote, Oktoba ikiisha,
vidole vikiuma kwa baridi,
kisha huufungia katika mapipa kama siri ya ukoo
mpaka mtoto aliyebatizwa mwaka ule aote ndevu.

Baba alicheka mpaka akaketi.
Ulanzi wake aliukinga kwa mbeta alfajiri:
saa nne mtamu, wa watoto,
jioni unawaangusha wakubwa,
keshokutwa siki.
Kinywaji kinachosubiri ndevu!

Mizabibu ilishika. Hilo naliandika wazi,
isije ikasemwa udongo wa Mufindi ni mchoyo.
Ilipanda nguzo, ikatoa majani mapana kama ya maboga.
Lakini mvua ya Februari ilivikuta vichala vichanga,
vikaota ukungu, vikadondoka
kimoja
kimoja.
Mwaka wa nane zilibaki punje kumi na tisa.
Wakazila wawili, wamesimama,
nyuso zimekunjamana. Hakuna aliyetema.

Chini ya kitanda cha Bruda ililala chupa ya kwao
ikingoja mavuno ya kwanza.
Aliyetangulia ni yeye. Barua ikasema: ya Vitalis.
Baba akailaza nyuma ya debe la mahindi
miaka ishirini na sita, kizibo kikitazama ukuta.
Tukimwuliza: "Sijavuna."

Juni hii, arobaini ya baba ilipokwisha,
niliifungua mimi, Gaudensia, kwa parafujo na koleo.
Kizibo kilivunjika. Nikachuja kwa kichujio cha chai.
Nilitegemea wekundu wa altareni;
ikatoka rangi ya tofali la tanuru letu, pembeni kutu.
Nikanusa: waridi lililosahauliwa kaburini,
na chini ya waridi, lami.
Naapa. Lami ya mwaka ule.
Kisha ukakasi ukanishika fizi,
ukakasi wa birika lililoachwa jikoni tangu jana,
ukanikausha ulimi, ukanizuia nisiseme,
na ulipotaka wenyewe, ukaniachia
na ladha ya masuku yaliyokauka mtini.
Sikujua kama nimeupenda. Nilimimina tena.

Sista kijana aliyekuja kutoka Torino
akaisoma karatasi ya chupa, wino umeliwa na panya.
"Zabibu hii," akasema, "imepewa jina la ukungu,
ule unaofunika vilima wakati wa kuvuna.
Kwetu ukungu ni *nebia*."

Nikaweka kikombe chini.

Maana kila asubuhi ya Julai,
bonde limezibwa, chai haionekani, hata ng'ombe ni sauti tu,
Bruda alisimama mlangoni akitazama kule na kule:
"Nebia, Vitalis."
Na baba, akivua kofia,
akidhani ndiyo salamu ya kwao:
"Nebia, Bruda. Umeamkaje?"

Miaka ishirini. Wala hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Leo nimetangulia shambani na kikapu mgongoni.
Mama Lutengano alikuwa kivuli tu, mistari miwili mbele yangu.
Nikamwita: "Nebia!"
Akaitika.